Kilebu na Mkanda: Shingoni au Kifuani?

Kilebu aliingia nyumbani mwanzoni mwa Agosti, ndani ya kikapu cha sokoni, umri wake majuma tisa na masikio yake yangali yamelala. Nyumba yenyewe imo Walukuba, katika mji wa Jinja, pale mto Naili unapoagana na Ziwa Victoria, na mwenye nyumba ni fundi wa umeme. Kama ilivyo kawaida ya mafundi, hakukosa kitu cha kufungia. Alitoa mfukoni kipande cha waya uliovikwa plastiki, akakikunja kikawa kitanzi, akainama ili amvike mgeni shingoni. Mkewe alimshika mkono.

"Baba watoto, waya huo usimkaribie. Umekwisha kumsahau Simba?"

Fundi aliurudisha waya mfukoni bila neno. Simba hakuwa wa kusahauliwa.

Simba naye aliletwa akiwa mdogo, akafungwa kamba ya nailoni shingoni ili asitoke uani. Siku ile kamba ilimtosha vizuri, na kwa sababu ilimtosha hakuna aliyeitazama tena. Mbwa alikua, manyoya yakaifunika kamba, na baada ya miezi mitatu watoto wakaanza kulalamika kwamba Simba ananuka. Daktari wa mifugo alipomnyoa shingoni aliikuta kamba imezama katika nyama, na ngozi imekwisha kuanza kuota juu yake. Aliikata, akaitoa kwa kibano, akashona. Kidonda kilipona, lakini tangu hapo shingo ile haikukubali kuguswa na mtu. Kila mkono ulioisogelea ulikutana na meno. Ilipofika siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa Simba alibaki nyumbani, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwongoza njiani. Na usiku mmoja aliruka ua, akala nyama yenye sumu ambayo mpaka leo haikujulikana iliwekwa na nani. Hakuwa na chochote mwilini cha kumjulisha mtu kwamba mbwa huyu ana kwao.

Mkasa wa kamba kuzama shingoni si wa nyumba hiyo peke yake. Madaktari wa mifugo wa nchi nyingi wanaujua, na mara nyingi haukutokana na ukatili bali na usahaulifu. Kilebu hukua upesi kuliko mtoto wa binadamu, na kamba haikui.

Madukani mijini siku hizi huuzwa mikanda ya aina mbili. Upo mkanda wa shingo, ambao ni mfano wa mshipi mdogo wenye bizimu na matundu. Upo na mkanda wa kifua, ambao huzunguka kifua nyuma ya miguu ya mbele, ukapita tena mbele chini ya shingo, na kamba ya kumwongozea mbwa hufungwa katika pete iliyo mgongoni au kifuani. Wanunuzi wengi huuliza ni upi ulio bora, kana kwamba ukinunuliwa mmoja mwingine hauna kazi. Lakini kila mmoja una kazi yake, na taabu huanza pale mmoja unapotwishwa kazi ya mwenzake.

Kazi ya mkanda wa shingo ni kumtambulisha mbwa. Hapo huning'inizwa kibati chenye namba ya simu ya mwenyewe, na hapo jirani hutazama kwanza akimwona mbwa asiyemjua. Katika kampeni nyingi za chanjo mbwa aliyekwisha kudungwa huvikwa ukanda wa rangi, ili wanaopita baadaye kuhesabu wamjue kwa mbali. Hata wawindaji wa misitu ya Kongo wamekuwa wakiwafunga mbwa wao kengele ya mti shingoni tangu zamani. Mbwa hao ni wale waitwao basenji, jina ambalo msikivu wa Kiswahili atalitambua mara moja kuwa ni ndugu wa neno "washenzi". Basenji habweki kama mbwa wengine, kwa hiyo mwindaji huifuata sauti ya kengele. Mbwa hutangulia kichakani akiwa huru, wala hapana kamba imvutayo. Shingo ilibeba alama tu.

Nyumbani kwa fundi, basi, kilebu alivishwa mkanda wa shingo wa kitambaa laini, usiozidi upana wa kidole. Mama alipima kwa njia inayojulikana na wafugaji: vidole viwili vya mtu mzima vipite baina ya mkanda na shingo bila kubana wala kuelea. Siku ya kwanza kilebu alijikuna, akabiringika chini, akakaa akiwatazama watu kwa lawama. Siku ya tatu alikuwa amesahau. Huu ni utaratibu mzuri, kwani kilebu anayevalishwa mkanda na kuburutwa nje saa ile ile hujifunza kuuchukia mkanda pamoja na aliyeushika.

Makosa yalitokea juma la pili. Mtoto wa kiume wa nyumba hiyo, mwenye umri wa miaka kumi, alifunga kamba katika mkanda wa shingo na kuanza kumzungusha kilebu uani. Kuku alipita. Kilebu aliruka, kamba ikakaza, akadundwa nyuma, kisha akaanza kukohoa kama mzee wa tumbako. Mtoto alicheka; mama hakucheka.

Kikohozi hicho kina maana yake. Mbele ya shingo ya mbwa, chini kidogo ya ngozi, hupita bomba la hewa. Bomba hilo limejengwa kwa pete nyingi za gegedu zisizofunga duara kamili, na kwa mnyama mchanga gegedu hizo ni laini bado. Kando yake hupita mishipa mikubwa ya damu, na karibu yake imekaa tezi. Kilebu akivuta kwa nguvu zote, au akivutwa ghafla, uzito wote wa mvuto huo hukaa juu ya ukanda usiozidi upana wa kidole. Mwaka 1976 au leo, shingo ni ile ile. Tofauti ni kwamba sasa wataalamu wamepima. Mwaka 2006 wachunguzi wa Marekani walionyesha kwamba mbwa anapovuta kwa mkanda wa shingo shinikizo ndani ya macho yake hupanda, na anapovuta kwa mkanda wa kifua halipandi kwa kiasi cha kutajwa. Mwaka 2020 wengine wa Uingereza walijaribu mikanda ya shingo ya namna mbalimbali juu ya mfano wa shingo wenye vipimo, mipana na myembamba, migumu na iliyotiwa pamba. Hawakuona hata mmoja ambao kwa mvuto wa nguvu au wa kushtukiza ungeweza kuitwa salama. Kwa mbwa wadogo wa kizungu na wale wenye pua bapa, ambao kupumua kwenyewe ni kazi, jambo hili halina mjadala. Na minyororo ile ya kukaba, inayojikaza yenyewe mbwa avutapo, haifai kwa kilebu wa aina yoyote.

Bibi wa nyumba, mzaa baba, aliyasikia mazungumzo hayo akiwa anachambua maharagwe barazani, akashangaa.

"Mwanangu, tangu lini mbwa akatembezwa? Mbwa hujitembeza."

"Mama, alijitembeza Simba," fundi alijibu.

Bibi hakuwa amekosea kwa zama zake. Kijijini mbwa huenda shambani na kurudi kwa mguu wake, na ufugaji wa kumfunga mchana na kumwachilia usiku alinde boma umelea mbwa wengi. Lakini Jinja ina malori ya barabara kuu ya Kampala, ina bodaboda zipitazo hata vichochoroni, na ina watoto wanaokwenda shule kwa miguu ambao wana haki ya kupita bila kurukiwa. Zaidi ya yote kuna kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo ukishajionyesha kwa mtu karibu hauna dawa, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba watu wanne katika kila kumi wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa nao ni watoto walio chini ya miaka 15. Aliyeumwa huoshwa jeraha kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha hukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Lakini kinga ya kweli hufanywa kwa mbwa mwenyewe. Wataalamu hukadiria kwamba wakichanjwa mbwa 70 katika kila mia ugonjwa hukosa njia ya kuendelea. Na mbwa asiyejua kuongozwa hafiki kwenye foleni ya chanjo. Hilo ndilo shimo ambalo kampeni nyingi hutumbukia. Bwana mifugo huja na sindano na barafu yake, akawakuta wenye mbwa waliokuja mikono mitupu, wakieleza kwamba mbwa wao ni mkali.

Mama alikwenda mjini kuulizia mkanda wa kifua. Bei aliyotajiwa dukani ilimfanya aurudishe mahali pake taratibu. Badala yake alikwenda kwa fundi viatu, chini ya mwembe, akiwa na mkanda mkuukuu wa kiti cha gari aliopata gereji, na vipimo vitatu vilivyoandikwa kwenye karatasi: mzunguko wa chini ya shingo pale inapokutana na mabega, mzunguko wa kifua nyuma ya viwiko vya miguu ya mbele, na urefu baina ya mizunguko hiyo miwili, mgongoni na chini ya kifua. Kilebu alikuwa na sentimita 33 za kifua. Fundi aliukata mkanda kwa urefu, akapata upana wa sentimita 2, akakunja kingo kwa ndani na kuzishona zisikwangue.

Umbo lake si gumu. Ni vitanzi viwili, kimoja cha chini ya shingo na kimoja cha kifua, vilivyounganishwa kwa vipande viwili, cha juu kikienda na uti wa mgongo na cha chini kikipita baina ya miguu ya mbele mpaka katikati ya kifua. Kitanzi cha kifua kikae nyuma ya kwapa kwa upana wa vidole viwili, kwani kikigusa kwapa hukwangua mpaka damu. Kipande cha mbele kisipite juu ya mabega. Mikanda mingi ya bei rahisi ina ukanda uliolala moja kwa moja mbele ya mabega, na mbwa aliyeuvaa hutembea hatua fupi kama mtu aliyefungwa kanga kwa kubana. Pete ya chuma ilishonwa mgongoni, na mama akataka ya pili iwe kifuani. Fundi viatu alimtazama kana kwamba anamshonea mbwa koti la arusi, lakini aliishona.

Ile pete ya pili haikuwa anasa. Wapo wafugaji wasioupenda mkanda wa kifua kwa hoja moja, nayo ni ya haki: unamfundisha mbwa kuvuta. Ushahidi wao uko mbali, katika nchi za barafu. Huko Alaska na Kanada mbwa hukokota magari ya theluji yasiyo na magurudumu, na ili waweze kukokota huvishwa mkanda wa kifua, maana hauwakabi. Mbwa asiyeumia hana sababu ya kuacha kuvuta. Kwa hiyo mnunuzi anayedhani kwamba mkanda wa kifua utamtia kilebu adabu atajikuta akiburutwa sokoni. Mkanda huo huilinda shingo. Adabu ni kazi ya mwenye kushika kamba. Kamba ikifungwa kwenye pete ya kifuani, kilebu anayevuta hugeuzwa na mvuto wake mwenyewe, akajikuta anamtazama aliyemshika. Humpunguzia kasi, lakini hata hiyo si mwalimu.

Mwalimu katika nyumba ya Walukuba alikuwa mtoto wa miaka kumi, na mtaala ulikuwa mfupi. Kamba ikikaza, anasimama kama mti. Hamvuti mbwa, hamkemei. Kilebu hugeuka kutazama kumetokea nini, kamba hulegea, na hapo tu safari huendelea, na kipande cha dagaa hutoka mfukoni. Siku ya kwanza walichukua robo saa kutoka mlangoni mpaka langoni, umbali ambao kuku huuvuka kwa pumzi moja. Majirani waliokuwa wakipita walisimama kuwatazama, na mmoja aliuliza kama mbwa ni mgonjwa. Katika juma la tatu kilebu alikuwa akitembea ubavuni mwa mtoto, kamba imelegea baina yao kama kamba ya kuanikia nguo.

Mambo mawili mama aliyakataza. La kwanza, mtoto asijizungushie kamba mkononi wala kiunoni. Ashike kitanzi kwa vidole, ili siku mbwa mkubwa atakapomjia mbio aweze kuachilia. La pili, wasitoke nje ya ua kwenda wanakopita mbwa wengine kabla ya kilebu kumaliza chanjo zake za mwanzo, kwa sababu ya ugonjwa wa kuhara damu uitwao pavo, ambao ulienea duniani tangu mwaka 1978 na ambao vidudu vyake hukaa ardhini miezi mingi. Alipotaka kuona barabara alibebwa mikononi, na kutoka huko juu aliyasikia malori akayazoea.

Mikanda yote miwili ilikuwa na ratiba yake. Mkanda wa kifua ulivuliwa kila baada ya matembezi. Ukiachwa mwilini mchana na usiku manyoya ya chini hunyonyoka, na mvua za Septemba huulowesha ukawa makao ya ukurutu. Kupe nao hupenda giza la chini ya mkanda kuliko mahali pengine popote, basi kila ulipovuliwa mtoto alipitisha vidole kwapani na chini ya kifua, akawatoa. Mkanda wa shingo ulibaki, isipokuwa alipofungiwa kibandani, kwa maana bizimu linaweza kunasa kwenye waya wa kibanda na kumnyonga asubuhi mtu hajaamka. Na kamwe hakufungwa kwa mkanda huo karibu na ukuta au ua anaoweza kuuruka, akabaki ananing'inia upande wa pili.

Kila Jumamosi, baada ya kufua, mama alipitisha vidole viwili. Shingo iliyokuwa na sentimita 20 mwanzoni mwa Agosti ilikuwa na 23 mwishoni mwake. Kitanzi cha kifua kiliongezwa mara mbili, na mara ya tatu fundi viatu aliongeza kipande kipya bila kudai malipo, akasema kwamba sasa ameshapata wateja wengine wawili wa kazi hiyo.

Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, iliyowekwa tangu mwaka 2007 katika tarehe aliyofariki Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa aliyeitengeneza chanjo ya kwanza ya ugonjwa huo. Karibu na siku hiyo vituo vya chanjo hufunguliwa sehemu nyingi. Katika kituo cha mtaa, chini ya miti ya shule, mbwa walikuwa wa kila namna: waliofungwa waya, waliofungwa vitenge, mmoja ndani ya gunia kichwa kikiwa nje, na wawili waliokuwa wakipigana huku wenyewe wakigombana kuhusu nani alianza. Walioongoza mbwa wengi walikuwa watoto.

Zamu ilipofika, bwana mifugo alimtazama mvulana kisha akatazama nyuma yake kutafuta mtu mzima. Fundi wa umeme alikuwa amesimama hatua tatu nyuma, mikono mfukoni.

"Nani atamshika?"

"Mimi, Bwana Daktari."

Mtoto alipiga goti, akapitisha mkono mmoja chini ya mkanda wa kifua na mwingine akauweka juu ya mgongo. Sindano iliingia kwenye ngozi ya bega. Kilebu aligeuka kutazama ni nini, kisha akaendelea kulamba kiatu cha bwana mifugo. Cheti kiliandikwa, ukanda wa rangi ukafungwa shingoni juu ya ule wa kitambaa.

Waliporudi nyumbani mama aliita mbwa, akapitisha vidole viwili chini ya mikanda ile. Ule wa rangi ulikuwa na nafasi. Ule wa kitambaa ulikubali kidole kimoja na nusu, akausogeza tundu moja mbele.